Saa Elfu Kumi na Tano

Mama yangu Haykanush huchagua balbu
kama anavyochagua tikiti:
anaiinua, anaipima kwa kiganja, anaitikisa sikioni.
Tsolak mwenye duka amemzuia mara mbili.
“Hii haina uzi ndani, bibi. Haitasema kitu.”
“Kisichosema,” anamjibu, “nitajuaje kama kimekufa?”

Tuko Gyumri, Desemba, theluji imefika kizingitini,
nami nimetoka Marseille na likizo ya wiki moja
na karatasi niliyoiandika ndani ya ndege:
jikoni mbili, ukumbini tatu, ngazini moja, stoo moja,
wati tisa mahali pa sitini.
Nimeipigia hesabu bili yake. Nimejiona mwana mwema.

Kwanza rangi.
Sikujua weupe una kabila nyingi hivi.
Tsolak anaziwasha moja moja juu ya meza:
nyeupe ya hospitali, mama anageuza uso;
nyeupe ya mchana, ambayo mchana wa huku hauijui;
kisha moja yenye umanjano kidogo, kama siagi inayoyeyuka,
naye ananyoosha mkono chini yake,
anautazama mkono wenyewe, mishipa, pete iliyolegea.
“Hii,” anasema. “Hii hainisengenyi.”

Halafu analisogeza boksi puani, anasoma.
“Saa elfu kumi na tano.”
Midomo inacheza. Saa tano kila usiku. Usiku elfu tatu.
Alifundisha hesabu miaka thelathini na minne
na hatoi jibu kabla ya kulihakiki.
“Miaka minane na kitu.
Nina themanini na moja, Tsolak. Hii itanizika.
Huna ya elfu tano?”

Tsolak anajishughulisha na kamba ya furushi.
Mimi naangalia viatu vyangu,
maji ya theluji yanachora ramani sakafuni.
Natafuta neno la busara, nakuta mfuko mtupu.
Nakumbuka tu ile miaka ya giza,
mimi nikiwa na miaka kumi, umeme ukija saa moja kwa siku
na hakuna aliyejua ni saa ipi.
Alikuwa anaacha swichi imewashwa usiku kucha
ili taa ndiyo ituamshe:
tunakurupuka saa tisa za usiku,
yeye anafua, anachemsha viazi, anasahihisha madaftari,
mimi nafanya zoezi langu mbiombio kama mwizi,
na balbu moja, uchi, inaning’inia juu yetu
kama jua la mkopo.

Amezinunua zote saba.
Amelipa mwenyewe, noti kwa noti,
na akasimama hapo mpaka akapewa chenji ya dramu hamsini.

Jioni nikapanda kiti, nikateremka, nikapanda.
Sita zikawaka. Ukumbi ukawa na rangi ya siagi.
Na ya saba mfukoni nikashuka stoo,
kule chini, kwenye ubaridi unaong’ata meno,
nikamkuta mzee wa wati mia
amefungwa ubavuni mwa bomba la maji
kwa soksi ya marehemu baba.

“Hiyo usiiguse!” Sauti yake ngazini.
“Hiyo si ya kuonea.”

Nikaweka kiganja karibu. Joto kama la mkate.
Nje baridi ilikuwa nyuzi ishirini chini ya sifuri,
na ndani ya bomba maji yalikuwa yakipita, yakinong’ona.
Mbachao, nikawaza, mbachao na msala.
Karatasi yangu ya ndegeni iliita joto hili hasara.
Huku chini hasara ndiyo kazi.

Nikapanda na balbu yangu, boksi halijafunguliwa.
“Sasa hii nifanye nini?”
Akaichukua, akatoa kalamu ya wino ile ile
anayoandikia aprikoti na cheri kwenye chupa za jamu,
akaandika juu ya boksi jina langu,
akalipanga kabatini, nyuma ya sukari.

“Ya kwako,” alisema. “Ile ya ngazini ikizimika.”